Kuku wa mama mkwe aliyeziba gole, na mwanamke wa Butembo aliyemshona

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie vijana marahaba yenu nawapa mapema kabisa tusisumbuane.

Nimekaa kimya humu muda mrefu, nasoma tu na kucheka peke yangu. Leo nimekuta uzi wa kijana anauliza kuku wake amevimba chini ya shingo na hali vizuri, afanyeje. Wadau wenye roho mbaya wanamjibu "bandika sufuria".

Nilicheka. Kuna kitu kimenirudia kichwani kutoka ujanani kwangu, nikasema hapana, hiki lazima nikiandike.

Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na miguu ya huyo kuku niliishika kwa mikono yangu mwenyewe. Sitatia chumvi. Chumvi yenyewe ipo ndani ya kisa, tena chumvi ya Katwe, mtaikuta huko mbele.

Na Kiswahili changu mnivumilie. Cha kwanza nilikiokota sokoni Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, hiki kingine nilikipata baadaye nilipokwenda Mwanza kikazi. So mkiona kimechanganyika, ndivyo nilivyo.

Twende kazi.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, mwaka kamili msiniulize. Mimi na mke wangu Biira ndio kwanza tumeoana, tunakaa Nyakiyumbu huko Kasese, ukitoka Bwera unashuka kuelekea tambarare. Kazi yetu ilikuwa pamba.

Enyi mnaoiona Kasese ya leo, hamuwezi kuelewa pamba ilivyokuwa. Ukifika msimu wa kuvuna, nyumba nzima ni pamba. Sebuleni pamba, uvunguni pamba, unapiga chafya unatoa pamba. Inakaa humo ndani mpaka siku ya kuipeleka kuuza.

Sasa, Biira alipoolewa, mama yake aliyekuwa anaishi ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni, alimpa mtetea mmoja wa kuanzia maisha. Kuku wa aina ile tunayoita kishingo, hana manyoya shingoni kabisa, ana madoadoa mwilini, na macho ya dharau.

Nyumbani kwetu nimelelewa kwamba mama mkwe humkaribii hovyo. Mkikutana njiani unampisha, humshiki mkono, huketi naye kitako mkapiga soga. Heshima ile ilikuwa nzito.

Basi mimi kwa utani wangu, yule kuku nikambatiza jina, Mama Mkwe. Akiingia sebuleni nasimama. Akipita mlangoni nampisha, naangalia chini. Biira alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Ananiambia, "We mwanaume una wazimu." Na mimi nilikuwa nautafuta ule wazimu kila siku kwa sababu ya kicheko kile.

Katikati ya kuvuna, ikaja habari kwa wafanyabiashara waliovuka Mpondwe kwamba mama yake Biira anaumwa. Hawakusema ni hatari. Walisema anaumwa tu.

Mvua ilikuwa inanukia, na pamba iliyopasuka ikinyeshewa shambani imekwisha. Biira akasema, "Tumalize huku kwanza. Pamba ikiingia ndani naenda."

Hatujamaliza, ikaja habari ya pili. Mama alishazikwa.

Wakuu, mke wangu hakulia. Alisikiliza yule mjumbe mpaka mwisho, akamshukuru, "wasingya," akachukua gunia lake akarudi shambani akaendelea kuchuma. Mimi nilisimama pale sijui nifanye nini. Mtu anayelia unamshika, unamletea maji. Asiyelia unamfanyaje?

Siku zikaenda hivyo hivyo. Anapika, anavuna, anajibu ukimuuliza. Kicheko hakuna. Utani wangu nilijaribu, nikampisha kuku mlangoni, akanipita na ndoo kana kwamba mimi ni nguzo. Niliogopa sana, nisiwadanganye.

Mtu pekee aliyeongea naye, na nasema mtu makusudi, ni yule kuku. Nilikuwa namsikia jikoni anamwambia mambo kwa Lhukonzo, lugha yetu, taratibu, kama anavyoongea binti na mama yake.

Na kwa vile kuku alikuwa ameanza kutafuta pa kutagia, Biira akamtengenezea kitanda ndani ya kapu. Akachagua pamba nyeupe kuliko zote, ile safi isiyo na jani hata moja, akaitandika nene. Majani makavu, kama tunavyofanya wote, hakuyataka. Hapana, kuku wa mama atalalia pamba.

Aliyewahi kulima pamba ameshaelewa naelekea wapi. Kwa wengine: pamba ya shambani ina mbegu ndani. Kuku anaipenda ile mbegu kufa. Anaidonoa, na mbegu haiji peke yake, inakuja na nyuzi zake.

Baada ya muda Mama Mkwe akaanza kusimama peke yake uani, shingo ameinyoosha, anaimeza hewa. Chakula anakiendea, anadonoa kidogo, anaacha. Kifua kimekonda kama wembe lakini chini ya shingo kuna donge. Na kwa sababu ni kishingo, donge lote liko nje, jekundu, kila mtu analiona.

Majirani nao hawakosi. Mmoja akasema mpeni pilipili. Mwingine akasema waragi, ile gongo ya kwetu, kijiko kimoja tu. Na kulikuwa na jirani yetu mmoja mpenda mchuzi, huyo alikuja kabisa na kisu chake mwenyewe, kimenolewa, anasema tumchinje kabla hajafa bure. Biira alimtazama tu, na yule bwana akakumbuka ana kazi kwake.

Ndipo nikaelewa kwamba huyu si kuku tena. Ndicho kitu pekee chenye uhai kilichobaki cha mama yake, na akifia mikononi mwa Biira, sikujua mke wangu atakuja kuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa tayari kumpeleka kuku mpaka mbinguni.

Basi bwana, akatokea Mama Katungu.

Huyu alikuwa Mkongomani wa Butembo, alivuka wakati wa vurugu za kwao miaka ya sitini akiwa na cherehani kichwani. Kila kitu kingine aliacha, cherehani hakuacha. Akaishi Bwera, anashona nguo na kuuza mawese kijiji kwa kijiji. Mkatoliki wa rozari shingoni, mwili mkubwa, sauti kubwa, na majigambo makubwa kuliko vyote viwili. Ukimsifia gauni alilolishona anakwambia, "Najua."

Mimi nilikuwa nampenda kwa hilo. Katika nchi ile ya watu wa kuinamisha kichwa, yeye alitembea kama barabara ni yake.

Alikuja kuuza mawese asubuhi, akamkuta Biira amekaa chini na kuku mapajani. Hakusalimia hata.

"Leta ile kuku nione."

Akamshika. Akabonyeza donge kwa kidole gumba, akalizungusha, akasogeza pua karibu na mdomo wa kuku akanusa. Mimi nilirudi nyuma, ile harufu niliisikia nikiwa mbali.

"Gole imeziba," akasema. Gole, kwa wasiojua, ni kile kifuko cha mbele ambamo kuku anaweka chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. "Asubuhi gole ya kuku inapashwa kuwa bure, kama mufuko ya mutu masikini. Hii imelala imejaa, imeamuka imejaa. Inakufa na njaa na chakula iko hapa mulangoni."

Nikamuuliza, atapona?

"Papa Bwambale, miye haiko nabii. Nipashie mawese."

Akamdondoshea mawese vuguvugu kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, anamwacha ameze, halafu akaanza kulikanda lile donge kwa vidole. Polepole, anabonyeza, anaachia. Alikataza asipewe chakula, maji tu. Akamfundisha Biira mkono unavyokwenda, na Biira akakanda siku nzima, anapumzika na kurudia. Mimi nikasema nimgeuze kichwa chini atapike, kama nilivyoona watu wakifanya. Mama Katungu akanipiga kofi mkononi. "Unataka maji iingie mu mapafu? Ikufe mbele ya kupona?"

Kesho yake alirudi alfajiri. Donge lilikuwa vile vile.

Akalibonyeza mara mbili. "Ingekuwa mahindi ingeshalainika. Hii ni kitu ingine. Tunapasula."

Wakuu, "tunapasula"! Nikamuuliza kama amewahi kuifanya kazi hiyo. Akasema kwao mama yake alikuwa anaifanya, na yeye pia. "Zingine zilipona. Zingine tulikula." Hakuficha kitu. Akamgeukia Biira, "Kuku ni yako. Sema."

Biira akasema, "Pasua."

Hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia likitoka kwake na nguvu tangu ule msiba.

Tukaweka meza uani jua likiwa limepanda. Mama Katungu akachemsha maji, akatia chumvi ya Katwe, ile ya ziwani kwetu, akachemshia humo sindano na uzi. Wembe alichukua wangu, mpya, nilikuwa nimeuficha maana siku zile kuupata ilikuwa shida. Akanawa mikono na sabuni mpaka viwiko. Akapiga ishara ya msalaba, halafu akaniangalia.

"Hii kuku ni ya Protestanti?"

Nikamwambia ndiyo, sisi ni Waprotestanti.

"Njo maana. Haijue kufunga, inameza kila kitu." Akaipapasa ile shingo wazi akatabasamu. "Lakini Mungu ni muzuri, amesha kumunyoa."

Mimi nikapewa kazi ya kushika. Kuku amefungwa kitambaa, mabawa yamebanwa, mimi nashika miguu. Hapo nikakumbuka ni nani huyu. Sijawahi kumshika mama mkwe mkono, leo namshika miguu! Nikamwomba radhi, kwa sauti kabisa. Mama Katungu akanikaripia, "Haiko vile! Kuku haiko jembe. Shika doucement, taratibu!"

Akapasua ngozi, kidogo tu, sehemu ya juu ya donge, anakwepa mishipa. Damu ilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea. Halafu akalipasua gole lenyewe, mahali tofauti kidogo na alipopasua ngozi. Mama Mkwe alipiga kelele moja akanyamaza, anapepesa macho.

Akaingiza kidole, akavuta.

Ilitoka pamba.

Ikatoka, ikatoka, imesokotana na mbegu, imelowa, nyeusi, inanuka pombe iliyochacha. Anavuta taratibu na nyingine inafuata. Akaiweka mezani mbele yetu wote, na hapo hata aliyekuwa hajui akajua imetoka wapi.

Biira aliyekuwa ameshika bakuli la maji akaliweka chini.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilimtandikia."

Akaendelea, sauti kavu kabisa. "Na mama nilimwacha kwa ajili ya pamba hii hii."

Mimi nikaendelea kushika miguu ya kuku.

Mama Katungu hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa bado ndani ya gole, anahakikisha njia ya kushukia chini imefunguka. Akaongea kwa sauti ambayo sikujua anayo, ndogo.

"Biira, sikia. Mama yako ile siku angekuwa hapa, angekuambia maliza pamba kwanza. Bamama boote beko vile. Haukumuua mama. Na hii kuku haukuiua, iko hapa, inapumua, angalia." Akaosha kidonda na yale maji ya chumvi. "Mama yako siwezi kumushona. Hii naweza. Leta uzi."

Biira akachukua sindano na uzi atunge. Uzi ukakataa. Akaulamba, akajaribu, ukakataa tena, mikono haitulii. Mama Katungu angeweza kuinyakua ile sindano akatunga kwa kufumba na kufumbua, mwanamke yule kule Butembo aliwafanyia kazi masista, akishona kanzu za mapadri. Hakuinyakua. Alibana kidonda kwa vidole viwili akamsubiri, na mimi nikasubiri, na kuku naye akasubiri.

Na katika kusubiri huko machozi yakaanza. Kwanza kimya kimya, yanadondokea mezani. Uzi ulipoingia tu kwenye tundu, Biira akamkabidhi sindano, akakaa chini akaachia kilio cha msiba. Kile cha sauti yote, cha kumwita mama kwa jina.

Majirani walikuja mbio, wakijua kuku amekufa. Yule wa kisu alikuwa wa kwanza.

Mama Katungu alishona huku kilio kinaendelea. Alishona gole peke yake kwanza, akafunga. Halafu ngozi peke yake juu, akafunga. Vijishono vidogo vya gauni la harusi, wakuu. Nimeona mengi tangu siku ile, nimeona mafundi wa kila aina, lakini mikono ile sijaiona tena. Na uzi wenyewe ulikuwa wa pamba! Alipoukata kwa meno akaniangalia akasema, "Najua." Sikuwa nimemsifia bado.

Siku hiyo kuku hakula. Alikaa kwenye kapu, mara hii lina majani makavu. Kesho yake akapewa uji mwepesi wa mahindi, kidogo kidogo. Asubuhi iliyofuata nilikuwa bado kitandani nikasikia Biira anapiga kelele jikoni. Nikakimbia na shuka.

Alikuwa amemshika gole kwa kidole gumba. "Limeshuka! Liko tupu!"

Nikampisha kuku mlangoni, nikaangalia chini. Biira akacheka mpaka akashika ukuta.

Pamba ilikuwa bado shambani, imepasuka, na mawingu yako juu. Hakuiangalia. Alifunga nguo zake akavuka mpaka kwenda kwao, kukaa na ndugu zake na kumlilia mama yake anavyotakiwa kuliliwa. Mimi nikabaki nampikia Mama Mkwe uji. Nusu ya pamba ile mvua iliichukua na sijawahi kuijutia.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Ukifuga kuku, mshike gole asubuhi kabla hajala. Likiwa gumu na limejaa, ameziba, usingoje akonde. Angalia anachoweza kumeza: nyuzi, nyasi ndefu, vipande vya gunia. Maji asikose. Kichwa chini usimgeuze. Na kupasua msijaribu nyumbani, siku hizi kuna madaktari wa mifugo wenye dawa ya ganzi, mpelekeni. Sisi tulikuwa na Mama Katungu, nyie hamna.

Kule kwetu baada ya hapo hakuna aliyelaza kuku kwenye pamba. Mama Mkwe alitaga tena, akatotoa, akafa kwa uzee wake. Hakuliwa. Yule jirani alisikitika sana.

Mama Katungu baadaye alirudi kwao Butembo na cherehani yake kichwani. Miaka ikapita. Siku moja wafanyabiashara wakaleta habari kwamba anaumwa, na ilikuwa, mtaniamini au msiniamini, katikati ya kuvuna. Biira alikuwa shambani. Hakuuliza ni hatari au si hatari. Aliacha gunia pale pale kwenye mstari, nusu limejaa, akaenda.

Alimkuta hai. Amekonda, sauti imepungua, ila majigambo yako palepale. Alipomwona mlangoni, kitu cha kwanza alichomuuliza ni, "Na ile kuku ya Protestanti, ilijifunza kufunga?"

Biira alikaa naye mpaka mwisho, akamfumba macho kwa mkono wake.

Ndiyo hivyo wakuu. Uwanja ni wenu, na aliyewahi kuona kuku akishonwa, au aliye na Mama Katungu wake, aje atusimulie. Mimi naitwa huku uani. Kuku wanaingia bandani, wote vishingo, wajukuu wa yule yule, na bibi yenu Biira hafungi mlango mpaka amemshika kila mmoja gole.